Magitaa Matatu Ndani ya Gitaa Moja: Mwongozo Kamili wa Kumsikiliza Joe Pass na Kujifunza Kupiga Peke Yako

Katika bendi zetu za dansi neno "solo" lina maana moja. Ni gitaa linaloongoza, lile linalochomoza juu ya gitaa la kati na gitaa zito la besi na kuwatoa watu vitini. Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro Jazz alikuwa mpiga solo, na nyuma yake walikuwapo wenzake waliomshikia mdundo. Mwongozo huu unahusu solo ya namna nyingine: mtu mmoja na gitaa moja, bila besi, bila ngoma, bila mwimbaji, na bado wimbo unasimama mzima. Kwa masikio yangu, bwana wa kazi hiyo ni Mmarekani Joe Pass.

Miaka ya mwanzo nilimsikiliza bila kujifunza kitu. Nilikuwa nashangaa tu. Nikijaribu kumwiga nilishika kodi (noti kadhaa zinazolia pamoja) kubwa za nyuzi sita, nikazipiga kwa nguvu, huku nikitafuta nafasi ya kupenyeza besi na wimbo kwa wakati mmoja. Matokeo yake yalikuwa kelele. Ilinichukua muda mrefu kusikia jambo ambalo sasa ndilo nataka kukuonyesha: Joe Pass hapigi vyote kwa pamoja. Anatembeza besi, anaiacha. Anagusa kodi, anaiacha. Anauimba wimbo kwenye nyuzi nyembamba, kisha anarudi kwenye besi kabla sikio lako halijaisahau. Kinachokosekana unakijaza wewe msikilizaji bila kujua.

Mwenyewe alizaliwa tarehe 13 Januari 1929 huko New Brunswick, New Jersey, kwa jina la Joseph Anthony Jacobi Passalacqua. Alikulia Johnstown, Pennsylvania, mji wa viwanda vya chuma, na baba yake, mzaliwa wa Sicily, alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha chuma. Gitaa alilipata akiwa na miaka 9. Baba hakuwa mwanamuziki, lakini alimkalisha mwanawe na gitaa kwa saa nyingi kila siku na kumtaka azipige kwa sikio nyimbo alizozisikia. Baadaye dawa za kulevya zilimlia miaka mingi ya ujana, hadi alipoingia Synanon, kituo cha kuwasaidia waathirika kule California. Mwaka 1962, akiwa bado huko, alirekodi pamoja na wanamuziki wenzake waliokuwa wakipona. Santuri iliyomfanya ajulikane kwa kupiga peke yake, Virtuoso, ilirekodiwa mwaka 1973 kwa ajili ya Pablo, kampuni ya Norman Granz, yule yule aliyemrekodi mpiga piano Art Tatum akiwa peke yake miaka ya 1950. Pass alikuwa na umri wa miaka 44. Nautaja umri huo kwa ajili yako wewe unayedhani umechelewa.

Hatua ya kwanza: sikiliza wimbo mmoja mara nne, kila mara kwa kazi tofauti

Usisikilize santuri nzima. Chukua wimbo unaoifungua, "Night and Day", ambao Cole Porter aliutunga mwaka 1932. Kabla ya kumsikia Pass, tafuta mwimbaji aliyeuimba wazi, bila mapambo mengi. Ella Fitzgerald aliuimba katika mkusanyiko wake wa nyimbo za Cole Porter wa mwaka 1956, na huo utakutosha. Usikilize mpaka uweze kuuimba kwa mluzi ukiwa unafua au unatembea. Usiruke jambo hili. Mtu asiyeujua wimbo ataona Pass anamwaga noti tu. Anayeujua atasikia namna anavyouficha na kuufichua.

Sasa msikilize Pass. Mara ya kwanza uimbe wimbo kimoyomoyo juu ya gitaa lake, uone ni wapi mnakwenda pamoja na ni wapi amekuacha. Mara ya pili sahau wimbo, fuata sauti nzito tu. Utagundua kuwa besi haipo muda wote, na hilo litakushangaza, kwa sababu ulikuwa na hakika ipo. Mara ya tatu hesabu mahali anaponyamaza au kuiacha noti moja ining'inie. Mara ya nne shika gitaa, punguza mwendo wa rekodi kwenye simu hadi nusu, uchague sentensi moja fupi, ya noti tano au sita, uitafute. Moja tu. Kuitafuta sentensi moja kwa siku tatu kutakufunza kuliko kutazama video kumi za watu wanaoeleza.

Hatua ya pili: gitaa na mkono wa kulia

Gitaa lolote lenye nyuzi sita lililotuniwa sawasawa linafaa, liwe la umeme au la kawaida. Nyuzi laini zitakusaidia mwanzoni. Katika mwongozo huu uzi wa 6 ni ule mnene kabisa, na uzi wa 1 ni ule mwembamba kabisa.

Piki, kile kipande kidogo cha kupigia nyuzi, iweke kando kwa sasa. Gumba lishughulikie uzi wa 6 na wa 5, shahada uzi wa 4, kidole cha kati uzi wa 3, cha pete uzi wa 2. Pass aliijua piki vizuri sana na aliitumia kwenye mistari ya kasi, lakini besi na sauti ya juu zinapotakiwa kusikika pamoja, ni vidole vinavyofanya kazi. Masikio yetu yana bahati hapa, kwa kuwa mtindo wa gumba na kidole si mgeni kwetu. Mwenda Jean Bosco wa Katanga, Kongo, aliyerekodiwa na mkusanyaji wa muziki Hugh Tracey mwaka 1952, alitembeza besi kwa gumba na kuupiga wimbo kwa shahada, akiimba Kiswahili juu yake. Jazi inatumia kodi nyingine na mwendo mwingine, ila mgawanyo wa kazi mkononi ni ule ule.

Hatua ya tatu: mifupa ya kodi

Hapa ndipo wengi wetu tunakosea. Kodi ya nyuzi sita inachukua vidole vyote, na ukishaishika huna kidole cha kuupigia wimbo. Dawa yake ni kubakiza noti tatu tu: ya msingi, ya tatu, na ya saba. Kwa walioimba kwaya kwa solfa, kwenye kodi ya G7 noti hizo ni do, mi, na ti iliyoshushwa nusu sauti. Noti ya tano haileti habari mpya, hivyo iache. Hapa chini freti ni vile vyuma vinavyokata shingo ya gitaa, na vidole vilivyo kwenye mabano ni vya mkono wa kushoto.

G7: uzi wa 6 freti ya 3 (shahada), uzi wa 4 freti ya 3 (kati), uzi wa 3 freti ya 4 (pete). Uzi wa 5 uzimwe kwa ncha ya shahada.

C7: uzi wa 5 freti ya 3 (kati), uzi wa 4 freti ya 2 (shahada), uzi wa 3 freti ya 3 (pete).

Kabla hujaendelea, tazama nyuzi za 4 na 3 katika kodi hizo mbili. Kutoka G7 kwenda C7 zote zimeshuka freti moja tu. Sauti mbili za kati zimesogea nusu hatua, na kodi imebadilika kabisa. Piga polepole mara ishirini, G7, C7, G7, C7, ukisikiliza sauti hizo mbili za kati peke yake. Ule ulaini unaousikia kwa Pass, kodi zinavyoteleza badala ya kuruka, unaanzia hapa.

Ongeza tatu zaidi. D7: uzi wa 5 freti ya 5, wa 4 freti ya 4, wa 3 freti ya 5, ni umbo la C7 lililopandishwa freti mbili. E7: umbo hilo hilo likipanda tena, uzi wa 5 freti ya 7, wa 4 freti ya 6, wa 3 freti ya 7. Am7: uzi wa 6, wa 4 na wa 3, zote freti ya 5.

Sasa una kila unachohitaji kwa blues ya G, yaani mzunguko wa kodi unaorudiwa, yenye vipimo 12, kila kipimo mapigo manne:

G7, C7, G7, G7
C7, C7, G7, E7
Am7, D7, G7, D7

Izungushe kwa mwendo wa taratibu mpaka usiwaze tena majina ya kodi. Mtu wa kawaida anahitaji wiki moja. Pass mwenyewe alikuwa akifundisha kwamba kodi zote ziwekwe katika makundi matatu tu: kubwa, ndogo, na za saba. Mapambo yanakuja baadaye juu ya makundi hayo. Nilipoliamini hilo niliacha kukariri kamusi za kodi, na mkono ukapumua.

Hatua ya nne: besi inayotembea

Gumba peke yake sasa. Vidole vingine vipumzike. Besi ya jazi inatembea, noti moja kwa kila pigo, na noti ya nne ya kipimo kazi yake ni kukusogeza karibu na kodi inayofuata, mara nyingi kwa nusu hatua.

Kutoka G7 kwenda C7: uzi wa 6 freti ya 3, uzi wa 5 freti ya 2, uzi wa 5 freti ya 5, uzi wa 5 freti ya 4. Pigo linalofuata ni uzi wa 5 freti ya 3, yaani C, nawe umefika.

Kurudi kutoka C7 kwenda G7: uzi wa 5 freti ya 3, uzi wa 5 freti ya 1, uzi wa 5 ukiwa wazi, uzi wa 6 freti ya 4. Kisha unatua freti ya 3, G.

Ukibaki kwenye G7 kwa kipimo kingine: uzi wa 6 freti ya 3, uzi wa 5 wazi, uzi wa 5 freti ya 2, uzi wa 6 freti ya 2, na unarudi freti ya 3.

Kwa kodi zilizobaki buni mwenyewe kwa kanuni hiyo: anza na noti ya msingi, maliza nusu hatua juu au chini ya msingi unaofuata. Noti mbili za katikati ukizikosea, hakuna atakayekufa. Ya kwanza na ya nne ndizo zinazobeba njia.

Washa metronomu, chombo cha kuhesabu mapigo, kwenye simu zipo za bure, lakini uichukulie kama inapiga pigo la 2 na la 4 tu. Itakuyumbisha siku mbili za kwanza. Baadaye utasikia besi inaanza kuwa na mwendo wa mtu anayetembea kwa raha, na hapo ndipo jazi inapozaliwa mkononi mwako.

Ikishatulia, gusa mifupa ya kodi katikati ya noti za besi: besi kwenye pigo, kodi kati ya pigo la pili na la tatu, fupi, kama mtu anayebisha hodi. Mguso mmoja kwa kipimo unatosha.

Hatua ya tano: sauti ya juu

Uzi wa 2 sasa unaingia kazini. Kwenye G7 ongeza freti ya 5 kwa kidole kidogo. Kwenye C7 ongeza freti ya 3, pete ikilala juu ya nyuzi za 3 na 2 pamoja. Piga kodi hizo zikifuatana na usikie kwamba huko juu kuna wimbo: noti moja imeshuka kwenda nyingine.

Mfano mzuri zaidi uko mwisho wa blues. Kwenye Am7 ongeza uzi wa 2 freti ya 5. Kwenye D7 ongeza uzi wa 2 freti ya 4. Itasikika chungu kidogo, na uchungu huo ndio tunaoutaka. Kwenye G7 inayofuata weka uzi wa 2 freti ya 3. Tano, nne, tatu. Msikilizaji atafuata uzi huo mmoja unaoshuka na hatajua kwamba chini yake umebadilisha kodi tatu. Hakikisha pete ya mkono wa kulia inaupiga uzi wa 2 kwa nguvu kidogo kuliko vidole vingine. Wimbo ukizama ndani ya kodi, kazi yote imepotea.

Hatua ya sita: zamu

Hii ndiyo hatua yenyewe, na ningekuomba uipe muda kuliko zote. Mpaka sasa una besi, kodi na sauti ya juu. Kishawishi ni kuvipiga vyote. Kataa. Vipe zamu kama watu watatu wenye adabu wanaozungumza barazani.

Kipimo cha kwanza, besi tu, mapigo manne. Kipimo cha pili, kodi ya C7 iguswe mara mbili, halafu kimya. Kipimo cha tatu na cha nne, wimbo: gumba ligonge uzi wa 6 freti ya 3 mara moja kama msingi, uuache ulie, kisha uzi wa 2 freti ya 3, uzi wa 2 freti ya 5, uzi wa 1 freti ya 3, na umalizie kwenye uzi wa 2 freti ya 6. Simama hapo. Noti hiyo ni F na inaning'inia kama swali. Kipimo cha tano kinapoingia na C7, shuka kwenye uzi wa 2 freti ya 5. Hiyo ni E, na swali limejibiwa kwa nusu hatua.

Jirekodi kwa simu, kisha sikiliza bila gitaa mkononi. Kwenye kipimo cha tatu, ambapo hukupiga besi isipokuwa mara moja, utaisikia ikiendelea. Mimi niliposikia hivyo kwenye rekodi yangu mwenyewe niliirudisha nyuma mara kadhaa kuhakikisha. Ndipo nilipoelewa nilichokuwa nikikisikia kwa Joe Pass miaka yote ile, na heshima yangu kwake ilizidi, kwa sababu yeye anabadilishana zamu hizo ndani ya kipimo kimoja, kwa kasi, bila kuandaa, na wimbo haupotei.

Badilisha mpangilio kila siku. Leo besi ianze, kesho wimbo uanze. Weka sharti moja tu: kusiwe na vipimo zaidi ya viwili mfululizo vyenye mzigo ule ule. Wiki tatu za zoezi hili si nyingi.

Hatua ya saba: badili besi, acha vidole

Kuna siri moja wanajazi wanaitumia kila mahali, na kwenye gitaa iko wazi kiasi cha kufurahisha. Shika D7 yenye noti ya juu: uzi wa 5 freti ya 5, wa 4 freti ya 4, wa 3 freti ya 5, wa 2 freti ya 4. Sasa acha nyuzi za 4, 3 na 2 hapo hapo. Hamisha besi tu, kutoka uzi wa 5 freti ya 5 kwenda uzi wa 6 freti ya 4. Umepata A♭7 (alama ♭ ni ya kushusha nusu sauti), kodi iliyo mbali kabisa na D7, lakini noti mbili zinazoamua tabia ya kodi, ya tatu na ya saba, ni zile zile. Zimebadilishana kazi tu. Ndiyo maana moja inaweza kukaa mahali pa nyingine.

Piga Am7, A♭7, G7. Besi inashuka freti ya 5, 4, 3 kwenye uzi wa 6, na sauti ya juu inashuka 5, 4, 3 kwenye uzi wa 2. Usiitumie kila mara. Kwenye mzunguko wa kwanza piga D7 ya kawaida ili sikio lizoee. Kwenye wa pili lete A♭7. Mshangao unahitaji kwanza kitu kilichozoeleka.

Hatua ya nane: kuingia na kutoka

Pass alipenda kuingia bila mapigo, kwa mwendo huru, akiutaja wimbo kwa vipande kama mtu anayejaribu kukumbuka jambo, halafu ghafla besi inaanza kutembea na mguu wako unaanza kugonga sakafu. Jaribu na blues yako: vipimo vinne vya mwisho, kuanzia Am7, bila mapigo, kila kodi ikifunguliwa noti moja moja kutoka chini kwenda juu. Nyamaza. Kisha anza kipimo cha kwanza kwa mwendo kamili.

Kumaliza, tua kwenye G, lakini shusha uzi wa 4 kutoka freti ya 3 hadi ya 2. Vidole vijipange hivi: kati kwenye uzi wa 6 freti ya 3, shahada uzi wa 4 freti ya 2, kidogo uzi wa 3 freti ya 4, pete uzi wa 2 freti ya 3. Noti iliyokuwa ikiidai kodi iendelee imeondoka, na sauti inatulia. Acha nyuzi zife zenyewe.

Dakika arobaini kwa siku zinatosha kwa yote haya: kumi za kusikiliza, kumi za besi, ishirini za zamu. Vidole vikiuma pumzika siku moja, na siku hiyo sikiliza tu.

Ukishaweza kuizungusha blues hii mara tatu bila kusimama, na kila mzunguko ukawa tofauti, mtafute mtu wa kuimba. Awe dada, jirani, mwanakwaya, yeyote mwenye sauti iliyo sawa. Pass na Ella Fitzgerald walirekodi santuri nne wakiwa wawili tu, sauti na gitaa, ya kwanza mwaka 1973 na ya mwisho mwaka 1986. Zisikilize zote kabla ya kukaa na mwimbaji wako. Wimbo sasa ni wa mwimbaji, kwa hiyo sauti yako ya juu ikae kimya anapoimba na izungumze anapovuta pumzi. Anzeni kwa mwendo wa chini kuliko mnavyodhani mnahitaji, na umwachie yeye noti ya mwisho.